Serikali Huhesabu Uniti Inapodai, Huhesabu Shahada Inapolipa

Mwalimu aliyehitimu shahada ya sayansi anapoomba kusajiliwa na Tume ya Huduma ya Walimu ya Kenya, TSC, haulizwi tu kama ana shahada. Hati yake ya matokeo hufunuliwa na uniti, yaani masomo ya muhula aliyofaulu, zikahesabiwa moja baada ya nyingine, kwa sababu anatakiwa awe na zisizopungua nane katika kila somo kati ya mawili atakayofundisha. Akiwa na saba za hisabati, basi kwa TSC hana hisabati. Mahafali yalishafanyika, picha ya joho imetundikwa sebuleni kwao Kisauni, wazazi walishamaliza kulipa, na uniti moja inamrudisha nyumbani. Wakili mtarajiwa aliyesomea ng'ambo hukutana na kipimo cha namna hiyo hiyo. Kuna masomo 16 ya lazima ya sheria, na akikosa mawili au matatu hutafuta chuo cha hapa nchini kitakachomfundisha hayo tu kabla ya kuruhusiwa kuendelea.

Watu hawa hawahitaji shahada nyingine. Wanahitaji kukaa darasani muhula mmoja, wafanye mtihani, wapewe matokeo, waendelee na kazi. Wapo na wengine ambao hawakutumwa na tume yoyote: muuguzi wa hospitali kuu ya Pwani pale Makadara anayetaka somo la takwimu ili azielewe ripoti zinazopita mikononi mwake kila mwezi, karani wa uwakala wa forodha huko Shimanzi ambaye kila siku hushika nyaraka za bima ya mizigo ya baharini na hajawahi kufundishwa bima hiyo inavyofanya kazi, mtu mwenye shahada ya biashara anayetaka kuomba uzamili wa uchumi na ameambiwa arudi na hesabu za kiwango cha mwaka wa pili. Mombasa imejaa watu wa aina hii. Mji unaoishi kwa bandari, hoteli na biashara hubadilika kazi haraka kuliko vyeti vya watu wake.

Ninalotaka kusema juu yao ni hili. Nchi yetu inajua sana kuhesabu uniti inapomzuia mtu, lakini ikifika zamu ya kumsaidia kulipa, uniti hazionekani tena. Inayoonekana ni shahada nzima peke yake. Na sababu yake kubwa si uhaba wa fedha. Uniti moja iliyosomwa nje ya shahada haihesabiki popote kwa uhakika, na kisichohesabika hakuna mkopeshaji, mwajiri wala mfuko wa umma utakaokubali kukilipia.

Tuanze na dirisha la karo, maana ndiko habari inakoanzia. Karani wa kwanza atauliza, "Dada, uko kozi gani?" Ukimjibu kwamba huna kozi, unataka somo moja tu, unamtia katika shida ambayo si yake. Mfumo wa kompyuta ulio mbele yake unaanza na nambari ya usajili, nambari ya usajili inaanza na herufi za programu, na bili ya karo hutoka kwa programu na mwaka wa masomo. Kanuni za vyuo vyetu vikongwe zinamtambua mwanafunzi wa muda asiyesomea shahada, kwa hiyo mlango upo kisheria. Lakini jedwali la karo lililobandikwa ukutani halina mstari wake. Anapelekwa kwa msajili, msajili anamrudisha kwa mkuu wa idara, mkuu wa idara anasema yeye hana neno mradi viti vipo, na bei inakuja kutajwa kwa mdomo. Bei inayotajwa kwa mdomo haiwezi kupelekwa sako, chama cha akiba na mikopo, kuombea mkopo wa karo, wala kuwekwa mbele ya mwajiri.

Sasa chukua kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, chuo kinatoza shilingi 9,000 kwa uniti, na juu yake kuna malipo yasiyobadilika ya kila muhula: usajili, maktaba, kitambulisho, mtihani, chama cha wanafunzi, huduma ya afya, intaneti. Tuseme yote hayo yanafika 12,000. Mwanafunzi wa shahada mwenye uniti sita atalipa 54,000 na 12,000, jumla 66,000, yaani 11,000 kwa kila uniti. Anayesoma uniti moja atalipa 21,000 kwa uniti hiyo hiyo, katika darasa hilo hilo, chini ya mhadhiri huyo huyo. Ni kama mafuta ya kupima dukani mtaani: anayenunua ya shilingi ishirini ndiye anayelipa bei ya juu zaidi kwa lita, na ndiye mwenye pesa kidogo. Tofauti ni kwamba mwenye duka angalau anakubali kupima. Malipo haya yasiyobadilika ndiyo yanayowaumiza watu wa uniti moja kuliko karo yenyewe, na ni jambo ambalo baraza la chuo linaweza kulibadilisha katika kikao kimoja bila kuomba senti kutoka Nairobi. Mtu anayekuja darasani mara moja kwa juma saa kumi na moja jioni na kupanda matatu kurudi kwake hana sababu ya kulipia chama cha wanafunzi na michezo kama anayelala bwenini.

Baada ya dirisha la karo, twende kwenye milango ya fedha. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na imesomesha vijana wengi wa Pwani ambao bila hiyo wasingevuka hata lango la chuo. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023, unaogawa ufadhili na mkopo kulingana na uwezo wa familia, umejengwa juu ya kijana aliyetoka sekondari na kupangiwa chuo na KUCCPS, chombo cha serikali kinachogawa nafasi za vyuo. Huo ndio mlango mkubwa, na mtu wa uniti moja hapiti hapo. Kuna mkopo wa HELB uitwao Jielimishe, wa watu wenye mshahara wanaorudi kusoma. Wazo lake ni zuri na natamani lingekua. Hata hivyo nao umetengenezwa kwa anayeingia katika programu: stashahada, shahada, uzamili. Basari za kaunti na za eneobunge hutaka barua ya kukubaliwa chuoni, jedwali la karo na nambari ya usajili, na tumeshaona kwamba hivyo vitatu ndivyo asivyonavyo.

Kodi je? Sheria ya kodi ya mapato humpa mfanyakazi nafuu ya asilimia 15 ya malipo yake ya bima, mpaka shilingi 60,000 kwa mwaka, na bima ya elimu inayodumu angalau miaka 10 imo ndani yake. Kwa maneno mengine, ukimwekea mwanao akiba ya karo kwa kampuni ya bima, serikali inakupunguzia kodi. Ukilipia somo lako mwenyewe mwaka huu, ili kazi yako ya mwaka huu iende vizuri, hupati chochote. Sioni kosa katika nafuu ya kwanza, ila naona pengo kubwa palipostahili kuwa na ya pili.

Tulifikaje hapa? Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua milango kwa wanaojilipia karo, na vyuo vingine vikafuata. Kwa muda wa miaka karibu kumi na minane, mtu mzima mwenye kazi ndiye aliyekuwa tegemeo la vyuo vya umma. Kampasi za mjini zilizaliwa kwa ajili yake, nyingine juu ya maduka na mabenki ya barabara ya Moi, ili atoke kazini na kuingia darasani bila kubadilisha hata shati. Hapo ndipo ilipostahili kubuniwa njia ya kusoma na kulipa kidogo kidogo. Haikubuniwa, kwa sababu kila aliyekuja alikuwa tayari kununua shahada nzima na vyuo havikuwa na haja ya kumuuliza kama alihitaji yote hayo. Kisha ukaja mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, wa 2016. Waliopata alama ya C+ na zaidi wakawa chini ya 90,000, serikali ikaweza kuwapangia wote nafasi, na bwawa la wanaojilipia likakauka kwa kasi ambayo wakuu wa vyuo hawakuitarajia. Vyumba vya jioni vikabaki na viti vitupu na madeni yakabaki kwenye vitabu.

Viti hivyo vitupu ndio ushahidi wangu mkubwa. Darasa la takwimu lenye wanafunzi thelathini lishalipiwa mhadhiri, taa na projekta. Akiingia wa thelathini na moja, gharama ya chuo haiongezeki ila kwa karatasi ya mtihani na dakika za kusahihisha. Chochote atakacholipa ni ziada. Chuo kinachomrudisha nyumbani mtu mwenye elfu tisa mkononi kwa sababu kompyuta haina herufi za kumwandikia kinakataa pesa huku kikidaiwa.

Najua nitajibiwa kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Tazameni basi nchi tajiri zinafanyaje. Marekani, ambayo misaada yake ya serikali kuu kwa wanafunzi inatokana na sheria ya elimu ya juu ya 1965, ina ukuta kama wetu: asiyeandikishwa katika shahada au cheti kinachotambuliwa hapati ruzuku ya Pell, ile ya wanafunzi wasio na uwezo, wala mkopo wa serikali. Kuna upenyo mdogo, mmojawapo ukiwa kwa anayesoma masomo ya maandalizi ili akubaliwe katika programu, ambaye anaweza kukopeshwa kwa muda usiozidi miezi 12 mfululizo. Wengine hujilipia, huomba kwa mwajiri, au hukopa benki kwa riba ya soko. Lakini Wamarekani walifungua dirisha jingine kupitia kodi. Mtu anayesoma hata somo moja la kuongeza ujuzi wa kazi anaweza kupunguziwa kodi kwa asilimia 20 ya karo ya hadi dola 10,000, yaani isiyozidi dola 2,000 kwa mwaka, na hatakiwi awe anasomea shahada. Mwajiri naye anaweza kumlipia mfanyakazi hadi dola 5,250 kwa mwaka bila fedha hizo kuhesabiwa kuwa mshahara. Kasoro iko wazi: nafuu ya kodi huja baada ya kulipa, na humfaa anayelipa kodi ya kutosha. Kibarua haimfikii. Hata hivyo imekubali jambo ambalo sheria yetu haijalikubali, kwamba somo moja ni elimu.

Sheria waliyoitia sahihi Julai 2025 inafungua ruzuku ya Pell kwa mafunzo mafupi ya majuma 8 hadi 15 kuanzia Julai 2026. Sharti moja ndilo lililonivutia: mafunzo hayo yawe yanahesabiwa mtu akiendelea na cheti au shahada baadaye. Pesa ya umma ilikubali kushuka kutoka shahada hadi majuma nane pale tu ilipohakikishiwa kwamba majuma hayo hayatapotea.

Uingereza ndiko mantiki hii inaonekana wazi zaidi. Kwa kozi zitakazoanza Januari 2027, England imepanga kumpa mtu aliye chini ya miaka 60 haki ya mkopo unaolingana na miaka minne ya masomo, ambao anaweza kuutumia kwa shahada nzima au kwa moduli moja moja zenye alama za uzito wa somo (credits) zisizopungua 30. Wameweza kufanya hivyo kwa kuwa shahada yao ya kawaida inajulikana kuwa na alama 360 na kila moduli ina alama zake zinazosomeka katika chuo kingine. Kama alama zisingekuwepo, hakuna karani wa mikopo ambaye angejua moduli moja ni sehemu ya ngapi ya nini. Singapore nayo ilianza mwaka 2016 kwa kumwekea kila raia wa miaka 25 na zaidi dola 500 za nchi hiyo za kujisomea, na ili mpango kama huo usifujwe ilibidi kwanza kuwe na orodha ya kozi zilizokubaliwa.

Kenya inayo sheria ya kufanya hivyo. Sheria ya mfumo wa kitaifa wa viwango vya elimu ilipitishwa mwaka 2014, ikaunda mamlaka yake, KNQA, na miongoni mwa kazi zake ni kuwezesha mtu kukusanya na kuhamisha masomo aliyofaulu kutoka taasisi moja hadi nyingine. Vyuo vinahamishiana masomo tayari, ila kwa mwanafunzi anayehama kutoka shahada kwenda shahada. Aliyesoma uniti peke yake hubaki akitegemea huruma ya mkuu wa idara atakayemkuta siku hiyo. Huyu anamwambia uniti yako ni ya zamani, yule anamwambia msimbo wake haufanani na wetu, wa tatu anamkubalia. Hapo hakuna mfumo, kuna bahati, na hakuna sako yenye akili inayokopesha juu ya bahati.

Kusoma kwa vipande si jambo geni katika mji huu. Pwani ilisomesha watu wazima kwa karne nyingi bila kuwauliza wako kozi gani. Mtu alikaa kwenye darsa, akasoma kitabu kimoja kwa sheikh mmoja mpaka kikaisha, akahamia kwa mwingine, na alipofika Lamu au Zanzibar ilijulikana amesoma kitabu gani na kwa nani, kwa hiyo hakurudishwa mwanzo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kuanzisha gazeti la al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alilelewa na elimu ya namna hiyo, akasoma kwa masheikh wa hapa na wa Zanzibar. Njia ile ilisimama juu ya mambo mawili. Ijaza, yaani idhini, ya mwalimu mmoja ilisomeka kwa mwalimu mwingine, na gharama nyingi zilibebwa na wakfu ambao haukufungwa na jina la cheti. Sisemi chuo kikuu kigeuzwe msikiti. Nasema wazee wetu walijua kwamba kitabu kilichosomwa kikaisha kinastahili kuhesabiwa, na walitenga mali kwa ajili ya mtu anayetaka kusoma, awe na umri wowote.

Hata chuo chetu cha Tudor kilianza kwa michango ya aina hiyo. Kabla hakijawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mwaka 2013, kilifanywa politekniki mwaka 1972, na awali kabisa kilikuwa Miome, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa fedha za Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Matajiri wa mji walitoa kwa ajili ya ujuzi. Leo tajiri wa Mombasa akitaka kusaidia elimu humpeleka kijana mmoja au wawili shahada nzima, na Mungu awalipe, lakini hakuna mfuko anaoweza kuutilia fedha zikawalipia walimu ishirini uniti zao za mwisho wakaingia kazini mwaka huo huo. Mtoaji angeona matunda ya sadaka yake kabla ya mwaka kuisha.

Kuna fedha nyingine ambazo zinakusanywa tayari. Kila mwajiri anatakiwa kulipa tozo ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kwa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ambayo ina kituo chake hapa Mombasa. Hoteli yenye wafanyakazi 300 inalipa 15,000 kwa mwezi, 180,000 kwa mwaka. Mwajiri aliyelipa anaweza kudai arudishiwe gharama za mafunzo aliyowapa watu wake, ikiwa mafunzo yaliidhinishwa mapema na mkufunzi amesajiliwa. Matokeo yake fedha hizi huishia zaidi kwenye semina za siku mbili tatu katika ukumbi wa hoteli, kwa mada aliyoichagua mkuu wa idara ya wafanyakazi. Mhasibu wa hoteli hiyo hiyo akitaka uniti ya usimamizi wa fedha katika chuo kikuu kilicho kilomita nane kutoka kazini, hajui hata kwamba kuna shilingi 50 inayotolewa kwa jina lake kila mwezi. Ningependa vyama vya wafanyakazi, cha mahoteli na cha bandari, viweke jambo hili mezani katika mkataba wa pamoja ujao: mfanyakazi aweze kuomba uniti iliyoidhinishwa, mwajiri ailipe, na NITA imrudishie. Hakuna sheria mpya inayohitajika, inahitajika orodha ya uniti zilizokubaliwa na chuo kilichojisajili.

Wapo watakaoniuliza, na swali lao ni la haki, kwa nini tuzungumzie mtu mwenye shahada tayari wakati mtoto wa Kinango au Ganze aliyepata B anakaa nyumbani kwa kukosa karo ya muhula wa kwanza. Mtoto huyo atangulie. Shilingi ya mkopo wa serikali ikiwa moja, iende kwake, na ndiyo maana siombi HELB ianze kesho kukopesha watu wa uniti moja. Mengi ninayoomba hayagusi fungu lake hata kidogo: bei ya uniti iandikwe kwenye jedwali la karo, malipo ya muhula yapunguzwe kulingana na idadi ya uniti, matokeo yatolewe kwenye hati rasmi, na KNQA iseme kwa maandishi uniti iliyofaulu itatambuliwa kwa miaka mingapi na vyuo vyote. Hayo yakikamilika, sako, waajiri na wafadhili watakuja wenyewe, kwa sababu watakuwa na kitu cha kukilipia.

Kwa anayetaka kulipa muhula huu bila kusubiri mageuzi hayo, namsihi asitoe pesa kabla ya kupata barua ya msajili yenye mambo haya: jina la somo na msimbo wake, kwamba atafanya mtihani na kupewa hati ya matokeo, na kwamba chuo hicho hicho kitalihesabu somo hilo akija kuandikishwa katika shahada. Kusikiliza darasani bila mtihani ni jambo jema kwa anayetafuta maarifa tu, na aombe alipe kidogo zaidi. Lakini anayefuata usajili wa kazi au uzamili asidanganyike na cheti cha kuhudhuria, hakitamsaidia. Kama lengo ni TSC au uzamili, aende kwanza kule anakotaka kupeleka matokeo aulize kama uniti ya chuo hicho itapokewa, ndipo arudi kulipa. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopata hati yake Agosti 2023 na kufundisha kwa mtandao, nacho kiulizwe maswali hayo hayo. Umbali umeondolewa hapo, suala la kuhesabiwa bado lipo.

Na vyuo vya hapa mjini vitazame kalenda. Msimu wa watalii ukiisha baada ya Pasaka, mvua za masika zikianza, hoteli za pwani ya kaskazini na kusini hupunguza watu na kuwapeleka likizo isiyo na malipo hadi Juni. Huo ndio wakati maelfu ya wapishi, wahasibu, wapokezi na wasimamizi wa vyumba wana nafasi ya kusoma, na ndio wakati hawana kitu mfukoni. Muhula wa Mei unaangukia hapo hapo. Lakini kanuni ya kawaida hudai karo ikamilike kabla ya kadi ya mtihani, na malipo ya mwanzo yanadaiwa mwezi ambao mshahara haupo. Kampasi moja ya kisiwani ingeweza kutangaza Machi, wageni wakiwa bado wamejaa na bakshishi zikipatikana, uniti sita au saba za jioni kwa bei iliyoandikwa: theluthi ilipwe wakati wa kujiandikisha, theluthi katikati, na theluthi ya mwisho isubiri mshahara wa Julai, hoteli zikiwa zimefunguka, kabla mitihani ya Agosti haijaanza. Wanaotoka Likoni wangepangiwa vipindi vinavyoisha saa mbili usiku ili wawahi feri bila kukimbia. Viti vipo, wahadhiri wapo, na orodha ya wanaorudishwa nyumbani Aprili iko mikononi mwa mameneja wa hoteli, ambao wangeipeleka chuoni wakiombwa.